Sauti ya Tatu na Koo la Shimbir

Mjukuu wangu Hodan amerudi kutoka shuleni na habari kwamba wavulana wa gredi ya nane wamegoma kuimba. Mwalimu wa muziki aliwapanga kwa sauti zao. Wengine akawaweka sauti ya nne, ile nene iitwayo besi, na wengine akawaweka sauti ya tatu, ambayo wanakwaya huiita tenori. Waliopata besi wakaanza kutembea kifua mbele. Waliopata tenori wakaambiwa na wenzao kwamba wamepewa sauti ya kina mama, na sasa hawataki hata kupita karibu na chumba cha muziki. Hodan, ambaye huniita babu kwa Kisomali, akaniuliza, "Awowe, si wewe ulikuwa daktari wa koo? Tenori ni ugonjwa?"

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Kisha nikaona heri niwaandikie nyote wa gredi ya nane, maana nikimweleza Hodan peke yake atawafikishia nusu, na hiyo nusu ataitia chumvi. Basi kaeni vizuri. Mimi ni mzee, napenda maneno, na sina haraka ya kwenda popote.

Kwanza mnijue. Nilizaliwa Witu, upande wa Lamu, nikaletwa Garissa na kazi nikiwa kijana mwenye nywele nyingi. Nikaoa hapa, nikazaa hapa, na Kisomali changu mpaka leo kinawachekesha wakwe zangu. Hilo jina la daktari mlinipa kwa heshima tu. Nilikuwa afisa wa kliniki wa masikio, pua na koo, na kazi yangu ya miaka yote ilikuwa kuwaambia watu wafungue kinywa. Nimetazama koo za walimu, za madalali wa mbuzi, za waadhini, za maaskari waliopiga kelele kwenye gwaride. Nimepigwa chafya usoni kuliko mtu yeyote mnayemjua.

Haya, sauti ni kitu gani? Shika shingo yako kwa mbele, pale panapopanda na kushuka ukimeza mate. Hicho ni kikoromeo. Ndani yake mna mikunjo miwili midogo ya nyama, inaitwa nyuzi za sauti. Ukipumua tu, zimeachana na hewa inapita bila habari. Ukitaka kusema, zinasogeleana, hewa inapenya kwa kubanwa, nazo zinatetemeka. Mtetemo huo ndio sauti. Tafuta puto, lijaze hewa, kisha uvute mdomo wake kwa vidole viwili huku hewa ikitoka. Ukiuvuta sana linapiga kelele nyembamba. Ukiulegeza linanguruma kama mtu mwenye mafua. Puto ni lilelile na hewa ni ileile.

Mtoto ana nyuzi fupi, ndiyo maana sauti yake iko juu, awe wa kiume au wa kike. Mvulana akianza kukua, kikoromeo chake nacho kinakua, nyuzi zinarefuka na kunenepa, na sauti inashuka. Kwa muda fulani inamchezea. Anaanza sentensi kama baba na kuimaliza kama mbuzi. Msimcheke, kila mwanaume amepita hapo, hata imamu wenu. Mambo yakishatulia, wengine hujikuta na nyuzi ndefu na nene, hao ndio besi. Wengine wana nyuzi fupi kidogo na nyembamba kidogo, hao ndio tenori. Wengi wako katikati. Kwa hiyo tenori ni mwanaume kamili, ambaye sauti yake ya kawaida inakaa juu zaidi ya wanaume wenzake. Haihusiani na urefu wa mtu wala upana wa mabega. Nimemtibu dereva wa lori mwenye shingo kama gogo, akifungua mdomo unadhani anaongea binti yake.

Aliyenifundisha kazi hii ni Bwana Mutua, Mkamba mmoja mwembamba aliyevaa sweta hata jua la Garissa likiwa linakaanga mawe. Yeye alikuwa hataki nimtazame mgonjwa kabla sijamsikia. Alinikalisha nyuma ya pazia, mgonjwa akipiga hodi, Bwana Mutua ananiuliza: ni tenori au besi? Sauti yake inakwaruza au inavuja hewa? Inakatika mwanzo wa neno au mwisho? Nikikosea ananiambia nipike chai. Mwaka wangu wa kwanza nilipika chai nyingi sana.

Siku hizo hatukuwa na kamera. Tulikuwa na kioo kidogo cha mviringo chenye mpini mrefu, mfano wa kijiko. Unamshika mgonjwa ulimi kwa kitambaa, unaingiza kioo hadi nyuma ya kinywa, unamulika, na mle kiooni unaziona nyuzi za sauti chini kabisa, nyeupe, zikifunguka na kufunga. Lakini kioo lazima ukipashe moto kwanza juu ya taa ya spiriti, kisha ukijaribu mgongoni mwa mkono wako usije ukamchoma mtu. Usipokipasha, pumzi ya mgonjwa inakitia ukungu. Mimi siku yangu ya kwanza kushika kioo sikukipasha. Mgonjwa alikuwa dalali wa mbuzi. Nikatazama, nikaona weupe mtupu, nikamwita Bwana Mutua kwa sauti ya hofu kwamba koo lote la mtu huyu limefunikwa na kitu cheupe. Dalali aliposikia akaanza kupiga shahada, ulimi wake ukiwa bado mkononi mwangu. Bwana Mutua alikuja, akakifuta kioo kwa sweta, akakipasha, akatazama, akamwambia dalali apunguze miraa na anywe maji. Kisha akanigeukia na kunionyesha birika la chai.

Sasa niwape habari ya Shimbir, maana yeye ndiye tenori mkubwa kuliko wote niliowahi kuwatazama koo, na hakuna aliyenitia hofu kama yeye.

Jina lake ni Ibrahim. Lakini huku kwetu mtu akishapewa jina la utani, hata mkewe husahau lile la kwanza. Shimbir ni ndege kwa Kisomali, na jina hilo alilipata kwa sababu ya sauti. Alikuja kutoka Elwak, huko juu Mandera, vumbi limemjaa hadi kwenye kope, pamoja na kaka yake Adan. Huyo Adan watu walimwita Dhagah, yaani jiwe. Alikuwa na besi iliyotoka chini ya ardhi, ila aliitumia kwa uchache kama mtu anayelipia kila neno. Shimbir alikuwa mchangamfu, mcheshi, mtu wa kujuana na kila mtu. Walitoka tumbo moja na hawakufanana hata kucha.

Elwak ni nchi ya visima. Wakati wa kiangazi maji yako chini sana, na wanaume husimama ndani ya kisima mmoja juu ya mwingine, wakipokezana ndoo hadi kwenye hori la kunyweshea. Mmoja anaongoza wimbo ili mikono iende pamoja. Makundi ya ngamia hungoja kwa mbali, kila kundi na zamu yake, na kila kundi linaujua wimbo wa mtu wake. Akianza kuimba, ngamia wake wanainua shingo na kuja. Wale wa watu wengine wanabaki wakitafuna. Kwa familia ya Shimbir, mwimbaji alikuwa yeye tangu utoto wake uishe. Sauti ya juu inafika mbali. Inapita juu ya kelele za ndoo, za watu na za wanyama, inawafikia ngamia huko waliko. Hiyo ndiyo tenori, enyi gredi ya nane, na ngamia hawajawahi kusema ni sauti ya mama.

Basi alipopiga hodi kliniki, mimi nikiwa nimeshakuwa mkubwa na Bwana Mutua ameshastaafu, nilisikia sauti kama mlango wenye bawaba kavu. Ikatoka, ikakatika, ikabaki pumzi. Alieleza kwa shida kwamba imekuwa hivyo tangu kiangazi kianze, kwamba ameimba vumbini siku baada ya siku, na sasa akiimba ngamia hawamsikii. Akatabasamu, lakini mikono yake ilikuwa inakunja na kukunjua pindo la macawis yake, ile nguo ya kiunoni ambayo kwetu Witu tunaiita kikoi. Adan alikuwa amesimama mlangoni. Akasema neno moja.

"Atakufa?"

Ndipo nikaelewa. Baba yao mdogo alianza hivyohivyo kwa kukauka sauti, na hakufika mwaka. Walikuwa wamesafiri njia yote ile wakiwa na swali hilo bila kulitamka.

Nikakipasha kioo, nikatazama. Kwenye kila uzi, katikati, palikuwa na kijivimbe kidogo, viwili vikitazamana. Niliwaambia ukweli wote nilioujua. Vijivimbe viwili vinavyotazamana hivyo kwa kawaida ni sugu, kama ile inayoota kiganjani mwa mvuta kamba. Nyuzi zimegongana mno na kwa nguvu mno, zikaota sugu. Ule ugonjwa mbaya, saratani, mara nyingi hukaa upande mmoja. Lakini kusema "kwa kawaida" si kuapa wallahi. Dawa ya sugu ni kuacha kuvuta kamba, kwa hiyo dawa yake ni kimya. Akikaa kimya wiki kadhaa na vikapungua, ni sugu na tushukuru. Visipopungua, itabidi aende Nairobi wakate kipande wapime.

Nikampa masharti. Asiimbe, asiite, asiongee. Hata kunong'ona asinong'one. Hili liwekeni akilini, maana watu wengi hudhani kunong'ona ni kupumzisha koo. Anayenong'ona kwa nguvu anazikaza nyuzi na kuzikausha kwa hewa, na mwisho anachoka zaidi ya aliyesema kwa sauti ya kawaida. Vilevile asikohoekohoe kusafisha koo, maana kila kikohozi ni kofi kwa nyuzi. Akihisi kuwasha ameze mate au anywe maji. Akaitikia kwa kichwa. Walikuwa na jamaa hapa mjini karibu na soko la mifugo, wakakaa kwake ili wawe karibu nami.

Siku ya kurudi ilipofika nikakipasha kioo, nikatazama. Vijivimbe vilikuwa palepale, vimezidi hata wekundu. Nikatazama tena. Nilikuwa nimejipa moyo sana kwamba ni sugu, na sasa nilianza kuiona ile barua ya kwenda Nairobi mkononi mwa Adan. Shimbir alinisoma usoni kabla sijasema. Nikamuuliza kama kweli alikaa kimya.

"Wallahi dagtari, mimi sijaongea," akakwaruza. "Nimejibu salam tu."

Nikamwambia salamu peke yake haiwezi kuleta wekundu ule, anipe jibu jingine. Adan akatazama dari. Kitu fulani katika kule kutazama dari kilinifanya nivue koti la kazi na kuwaambia tutoke, nitawasindikiza hadi kwa jamaa yao. Ilikuwa siku ya mnada wa mifugo.

Wanangu, nyinyi mmezaliwa humu, kwa hiyo hamlioni jambo hili. Kwetu Witu watu hutoleana salamu, wakaulizana hali, wakaenda zao. Huku mtu aliyetoka mbali ni gazeti. Hatukupita mbuzi wawili watatu kabla hajasimamishwa. Assalamu alaykum. Akajibu kwa ukamilifu wote, na rehema na baraka zake. Kisha ikaja habari. Mvua imenyesha wapi? Malisho yakoje? Ngamia wamezaa? Fulani amepona? Fulani amezikwa wapi? Bei ya sukari imefika ngapi? Akajibu moja baada ya jingine, na kila jibu lilizaa swali. Tukaenda hatua chache, mwingine. Akina mama wa maziwa ya ngamia wakamwita kwa jina lake la ndege, nao wakataka habari zao. Hata wale aliowasalimia jana walitaka kujua kama kuna aliyepiga simu tangu jana. Kwa Shimbir haya yote yalikuwa salamu. Kuongea, kwake, ilikuwa kukaa chini, kumiminiwa chai na kuanza hadithi.

Na kuna kilichonishangaza zaidi. Alikuwa anajibu kwa sauti nene, ya kusukumia chini, kidevu kimebanwa kifuani. Nikamvuta pembeni, nyuma ya lori la mbuzi, nikamuuliza sauti ile ameitoa wapi.

"Niliogoba hii yangu ya juu itararuka," akasema. "Kwa hivyo natumia ya Adan."

Hapa na nyinyi mnaojilazimisha besi mnisikilize. Kila mtu ana mahali sauti yake inapopumzika. Tenori akijisukumia chini ili aonekane mzito, anazibana nyuzi fupi zifanye kazi ya nyuzi ndefu, nazo zinasagana. Besi akijipandisha juu anaumia vilevile. Mkitaka kujua mahali penu, funga mdomo, fikiria chakula unachokipenda, kisha uitikie "mmm" bila kufikiri. Hiyo "mmm" iliyokutoka ndiyo nyumbani kwako. Imba ukizunguka hapo, panda na kushuka polepole, wala usihamie kwa jirani.

Nilimwambia Shimbir aache kujibu. Mgonjwa ana udhuru, ainue mkono inatosha. Akatikisa kichwa. Kumbe alishajaribu siku ya kwanza. Mzee mmoja aliyeinuliwa mkono badala ya kujibiwa alikwenda moja kwa moja kwa jamaa yao kuuliza ni ugomvi gani umeingia baina ya ukoo wao na wake, na ikabidi wazee wengine waitwe kumtuliza. Salamu huirudishi, watu wanajua una neno moyoni. Shimbir alikuwa radhi kupoteza koo kuliko kuitwa mwenye kiburi. Aliniambia hivyo kwa ishara, machozi yakimlengalenga. Nilisimama pale kama mbuzi wa mnada, nikimwona mtu mzima anakwenda kupotea kwa sababu ya adabu zake njema.

Ndipo Adan akaongea. Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema maneno mengi namna ile.

"Salam ikikuta watu wawili, mmoja akijibu imetosha," akasema. "Mimi nitatembea na yeye. Mimi nitajibu."

Sheria hiyo naijua tangu chuo cha Kurani kwetu Witu, niliisoma nikiwa na meno ya utoto, na haikunijia kichwani hata kidogo. Shimbir alimtazama kaka yake kwa mashaka makubwa. Sote tulijua hiyo ilikuwa ni kumtwisha Adan mzigo ambao maisha yake yote aliukwepa.

Wakarudi Elwak hivyo, wawili kama kivuli na mwenyewe. Ila kabla ya gari lao kupatikana walikaa Garissa siku kadhaa, na mimi nilijionea. Mtu anawatolea salamu, Adan anarudisha kwa besi yake, ardhi inatetemeka. Kisha maswali. Mvua? "Hakuna." Malisho? "Kidogo." Ngamia? "Wako." Watoto? "Wazima." Shimbir pembeni anajipindapinda kwa hamu ya kuongeza kitu, mikono inakwenda, macho yanakwenda, mdomo umefungwa. Mama mmoja wa maziwa alinijia kliniki kuniuliza ni msiba gani umeipata Elwak, maana wale ndugu wawili wanatoa habari kwa mkato kama watu wanaoficha maiti. Nikamweleza. Alicheka mpaka akaketi juu ya galoni lake.

Nisiwadanganye, wiki zile zilikuwa ndefu kwangu. Kila mgonjwa aliyekwaruza nilimwona Shimbir. Nilikumbuka ule wekundu na kujiuliza kama nilikuwa nimeona sugu kwa sababu ni sugu, au kwa sababu nilitaka iwe sugu. Nilimpigia Bwana Mutua simu kwao Mwingi. Akanisikiliza, akaniambia nimefanya ambalo lingefanywa, sasa nipike chai. Mzee yule hakubadilika.

Waliporudi, waliingia bila hodi ya Shimbir, hodi ilikuwa ya Adan. Ilikuwa mara ya kwanza nitazame koo la mtu kabla sijalisikia. Nilimuuliza Adan mambo ya kisimani yalikwendaje bila mwimbaji. Alikuwa amejaribu kuimba yeye. "Ngamia walikataa," akasema, na uso haukubadilika, lakini masikio yalimwiva. Iliwabidi wawavute mmoja mmoja kwa kamba hadi kwenye hori, siku nzima, na watu wa visima vya jirani wameketi wanatazama sinema.

Nikaushika ulimi wa Shimbir, nikaingiza kioo, na nikaona weupe. Weupe kila mahali, juu hadi chini, hakuna uzi, hakuna kitu. Nikasikia sauti ya Adan nyuma yangu, taratibu.

"Dagtari. Taa."

Taa ya spiriti ilikuwa haijawashwa. Kwa wasiwasi wangu nilikuwa nimerudia kosa lilelile la siku ya dalali wa mbuzi, na aliyelijua ni mtu aliyeniona nikikipasha kioo mara mbili tu maishani mwake. Nikakipasha. Nikakijaribu mgongoni mwa mkono. Nikatazama.

Nyuzi zilikuwa nyeupe, nyembamba, zimenyooka ukingoni kama ukingo wa karatasi. Palipokuwa na vile vijivimbe palikuwa pamelainika, nikatafuta upande huu na upande ule, nikatafuta hata kwa ubishi, hakuna. Nikamwambia aseme "iii". Akanitazama kwanza, anaogopa. Nikamwambia sema. Ikatoka "iii" ndogo, safi, juu kabisa, haina mkwaruzo wala pumzi iliyovuja. Nikakiweka kioo chini, nikasema alhamdulillahi mara nyingi. Adan alitoka nje. Nilimwona kupitia dirishani akiwa ameuelekea ukuta, mabega yanamtetemeka, na mimi nikamwachia nafasi yake.

Siku hizi mambo yamebadilika. Kuna waya mwembamba wenye kamera unaopita puani, na mgonjwa anajiona mwenyewe kwenye skrini. Kijana aliyechukua chumba changu hahitaji taa ya spiriti wala hajui kupasha kioo. Na wataalamu hawamfungi tena mtu mdomo wiki nyingi kama nilivyofanya mimi. Wanamfundisha kuongea kwa ulaini na kuimba bila kusukuma, na nakubali wako sahihi. Mimi nilitumia nilichokuwa nacho. Lakini kijana huyo nilimwambia jambo moja na ninawaambia nyinyi: mtu akija na koo, uliza pia anamsalimia nani na kwa muda gani.

Turudi siku ile. Adan alipoingia tena, Shimbir pale kitini hakuwa amefurahi kama mimi. Alijipapasa shingo, akasema kwa sauti ya chini ya uangalifu, lakini ikiwa yake mwenyewe, si ya Adan: "Hii iii ni ya hosbitali. Ngoja ngamia waseme."

Alikuwa na haki. Nikampa utaratibu wa kurudi. Aanze kwa "mmm" asubuhi na jioni, mdomo umefungwa. Kisha aimbe kidogo kivulini, mbali na vumbi, maji karibu. Akisikia kukwaruza aache palepale, asibishane nalo. Kwa salamu, ajibu mwenyewe zile fupi, habari za mvua na bei ya sukari amwachie Adan mpaka nitakapowaruhusu. Adan alipumua kama ngamia anayetwikwa tena.

Nilikuwa nimeketi nje ya kliniki siku moja, kazi imeisha, simu ikalia. Namba ya Elwak. Nikasikia upepo, ndoo zikigonga mawe, wanaume wakihema. Hakuna aliyesema kitu, mtu alikuwa ameinua tu simu juu. Kisha wimbo ukaanza, kwa mbali kidogo, wa juu, wazi, hausukumwi. Wanaume wakauitikia kutoka ndani ya kisima. Nikaubana mkono kwenye sikio la pili nisipotewe na chochote. Uliendelea, na mimi nilikuwa nangoja, sijui nikingoja nini, maana miguu ya ngamia mchangani haisikiki kwenye simu.

Halafu ikaja ile besi, karibu sana na sikio langu.

"Wamekuja."

Nikamuuliza tu kama wamekuja wote.

Nadhani Adan aligeuka kuwatazama.

"Wote," akasema. "Na wa jirani."